Siku 12 za Rureke: elimu isiyoandikwa, kutoka Walikale hadi vyuo vikuu vya Kivu

MUHETO, Masisi. – Mwaka wa 1956, ndani ya msitu wa Walikale, fundi mmoja wa hadithi kati ya Wanyanga, Candi Rureke, aliombwa jambo ambalo hakuwahi kuombwa. Mtafiti Mbelgiji, Daniel Biebuyck, alimtaka asimulie hadithi ya Mwindo yote, toka mwanzo hadi mwisho, bila kuruka kipande. Rureke akakubali. Kazi ilichukua siku 12. Asubuhi mapema na tena usiku aliimba, akasimulia, akacheza na kuigiza, na Biebuyck pamoja na wasaidizi wake wenyeji wakawa wanaandika kwa mkono maneno yaliyotoka kinywani mwake. Alipomaliza, kile kilichokuwa kichwani mwa mtu mmoja kilikuwa sasa kwenye makaratasi.

Mtu aliyekulia upande wa Walikale anaweza kushangaa kusikia kwamba fundi wa Mwindo hakuwahi kuisimulia hadithi nzima mfululizo. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na Rureke mwenyewe alilirudia jambo hilo mara nyingi mbele ya mgeni wake. Desturi ilikuwa kusimulia kipande usiku huu, na kipande kingine siku nyingine, kufuatana na nani amealika, watu wanapenda kusikia nini, na kasiksi imebaki kiasi gani. Hakuna aliyehitaji kuisikia yote kwa mara moja. Waliokuwa wanasikiliza walijua kilichotangulia na kitakachofuata.

Kwa vijana ambao hawakubahatika kuisikia, kwa kifupi ni hivi. Shemwindo, chifu wa Tubondo, aliwaonya wake zake wasimzalie mtoto wa kiume. Mwindo akazaliwa hata hivyo, akitembea na kusema tangu siku ya kwanza, na mkononi ameshika conga, ile fimbo yenye mkia. Baba alijaribu kumuua, akashindwa, mwisho akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto akafika kwa shangazi yake Iyangura. Akarudi kupigana na baba yake, akamfuata hadi chini ya ardhi, akamrudisha akiwa hai, wakagawana utawala. Baadaye Mwindo aliua joka, Kirimu, ambalo lilikuwa rafiki wa Nkuba, bwana wa radi. Nkuba akamchukua juu angani, akateseka huko, akafundishwa adabu, akarudi akiwa chifu anayejua kipimo. Si hadithi ya shujaa anayeshinda tu, ila ni hadithi ya mwenye nguvu anayelazimishwa kujifunza.

Hadithi hiyo inajulikana leo katika vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya, ambako wanafunzi huisoma pamoja na tenzi kubwa za dunia. Kwa kizazi kinachokua sasa huko inakotoka, kati ya msitu, barabara mbovu na safari za kukimbia vita, wengi wanamjua Mwindo kwa jina tu. Namna jambo hilo lilivyotokea ni sehemu ya historia ya vyuo vya Kivu, na sehemu hiyo haisimuliwi mara nyingi.

Rureke alikuwa shekarisi, maana yake baba wa karisi. Karisi ni jina la hadithi ya aina hiyo, na pia ni jina la roho ambaye Wanyanga waliamini ndiye humtaka mtu aimbe. Hakuna aliyejiandikisha kuwa shekarisi. Kijana alianza kwa kumfuata fundi aliyekuwa tayari, kwanza kama mmoja wa wale wanaogonga kijiti kikavu kuweka mapigo, na kuitikia nyimbo. Fundi alishika kibuyu cha kuchezesha na conga yake, akazunguka, akaruka, akageuza sauti. Kijana hakupewa somo. Aligonga, akaitikia, akakosea, akatazamwa kwa jicho, akarekebisha. Baada ya miaka alijikuta anajua vipande, kisha vipande vingi, kisha fundi anamwachia aendelee mwenyewe. Wengi waligonga vijiti maisha yao yote bila kufika hapo. Rureke naye alikuwa na mzee wake aliyemfuata namna hiyo, na mzee huyo alikuwa na wake.

Kitabu kilitoka mwaka wa 1969, miaka 13 baada ya zile siku 12, katika matbaa ya Chuo Kikuu cha California. Kilitayarishwa na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, Mnyanga mwanaisimu, ambaye baadaye aliongoza huko Kampala ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Ndani yake kuna tafsiri ya Kiingereza, maelezo mengi, na maneno yenyewe kwa Kinyanga. Kuwepo kwa Mateene kulifanya tofauti kubwa. Mgeni pekee yake angeandika sauti. Mwenye lugha aliandika maana.

Na bado, ukikisoma kitabu hicho, unaona mahali ambapo kalamu haikuweza kufika. Hakuna mapigo ya vijiti. Hakuna sura ya Rureke anapoigiza shangazi au joka. Kuna mahali anapoacha hadithi na kumgeukia anayeandika, akimhimiza aende mbele, na mahali anapoingiza mambo yake mwenyewe, ya maisha na ya zawadi anazozitarajia. Mwandishi aliyachukua yote hayo, na alifanya vema, maana ndiyo yanayotuonyesha kwamba hapo palikuwa na mtu akifanya kazi. Msomaji wa mbali hudhani ni utani mdogo. Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo anajua kwamba kushika watu, kuwapumzisha, kuwadai, na kuwarudisha ndani ya hadithi ndiyo nusu ya ufundi. Nusu hiyo haikuandikwa kwa sababu hata Rureke asingeweza kuieleza. Aliweza kuifanya tu.

Biebuyck hakuja Walikale kwa hiari yake pekee. Alikuwa mtumishi wa taasisi ya utafiti iliyoitwa IRSAC, ambayo serikali ya ukoloni ya Kibelgiji iliianzisha mwaka wa 1947. Makao yake yalijengwa Lwiro, katika Kabare, kaskazini mwa Bukavu: majengo makubwa ya kifahari, bustani, maktaba, maabara. Toka hapo watafiti walipima matetemeko na volkano, walikusanya mimea na wanyama, walichunguza chakula cha watoto, na walitumwa vijijini kuandika desturi na historia za watu. Mwenzake Biebuyck katika IRSAC alikuwa Jan Vansina, aliyefanya kazi kwa Wakuba katika Kasai, kisha Rwanda na Burundi. Mwaka wa 1961 Vansina alitoa kitabu chake kwa Kifaransa kuhusu masimulizi ya mdomo na jinsi mwanahistoria anavyoweza kuyatumia.

Hoja yake ilibadilisha masomo ya historia barani. Kabla yake maprofesa wengi walisema kwamba pasipo maandishi hapana historia. Vansina akajibu kwamba neno la mdomo ni ushahidi kama barua, bora uulize maswali yanayostahili: huyu anayesema alisikia kwa nani, na huyo naye kwa nani, walisimulia wakati gani, mbele ya nani, na kwa faida ya nani. Mnyororo huo wa watu ndio alioutafuta kwanza. Mzee wa Muheto anayeeleza mipaka ya shamba la ukoo, akianza kwa kutaja babu aliyemwonyesha jiwe na mti, anafanya kitu hichohicho bila kusoma Vansina.

Lakini taasisi iliyojua kuuliza wazee wa vijijini namna hiyo haikujiuliza yenyewe. Ndani ya Lwiro kulikuwa na Wakongo waliotayarisha ndege na nyoka, waliojua mmea gani uko droo gani, waliowaongoza watafiti msituni na kuwatafsiria. Katika mpango wa ukoloni hao walikuwa wasaidizi, na majina yao yanapatikana kwa nadra kwenye kurasa za mbele. Uhuru ulipofika mwaka wa 1960, Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu katika nchi nzima hawakufika hata 30. Watafiti wengi wa kigeni waliondoka katika miaka ya fujo iliyofuata. Nyumba ilibaki, vitabu vilibaki, na wale wasaidizi walibaki. Kwa miaka mingi mambo mengi ya Lwiro, ambayo leo ni kituo cha utafiti wa sayansi asilia cha serikali ya Kongo, yalisimama juu ya kumbukumbu za watu waliokuwa wamehesabiwa kuwa ni mikono tu.

Pigo jingine lilitoka Kinshasa. Kongo ilikuwa na vyuo vikuu vitatu: Lovanium ya Wakatoliki, iliyoanzishwa 1954, chuo cha serikali Lubumbashi, na chuo cha Waprotestanti Kisangani, kilichoanza 1963. Wanafunzi wa Lovanium walikuwa wameandamana na kupigwa risasi tarehe 4 Juni 1969. Walipotaka kuwakumbuka wenzao Juni 1971, Mobutu alikifunga chuo na kuwaingiza wanafunzi jeshini. Agosti mwaka huohuo vyuo vyote vitatu viliunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, na vitivo vikagawanywa upya kati ya miji hiyo mitatu. Fasihi na historia vilipelekwa Lubumbashi. Mpango huo ulidumu hadi 1981, vyuo vitatu vilipotenganishwa tena.

Kwenye karatasi ilikuwa ni kuhamisha vitivo. Kwa kweli ilikuwa ni kuvunja mabenchi. Profesa mmoja alihama, msaidizi wake akabaki. Maktaba ikaenda huku, aliyejua maktaba akaenda kule. Kijana wa Masisi au Walikale aliyetaka kusoma historia katika chuo kikuu sasa alitakiwa kwenda Katanga, upande wa pili wa nchi, mbali na mzee yeyote anayeweza kumsaidia kusoma nchi yake mwenyewe.

Bahati nzuri Kivu ilikuwa na ISP ya Bukavu, chuo cha ualimu, na hapo katika miaka ya 1970 na 1980 jambo zuri lilitokea. Wanafunzi wa historia walitumwa kuandika kazi zao za mwisho juu ya kwao. Mwana wa Idjwi alirudi Idjwi, wa Kabare akarudi Kabare, wa kaskazini akapanda lori hadi kwa wajomba zake. Hawakuhitaji mkalimani. Walijua mzee gani anazungumza asubuhi na yupi anahitaji kikao cha jioni. Walijua swali lipi ni la matusi hata likiulizwa kwa heshima. Mtafiti wa IRSAC alihitaji miaka kuyajua hayo. Kijana wa nyumbani alikuja nayo, na hakuona hata kama ni elimu.

Kati ya walimu wao alikuwa Bishikwabo Chubaka. Mwaka wa 1980 yeye na Mmarekani David Newbury, aliyekuwa amefanya utafiti Idjwi, walichapisha makala ya kuorodhesha utafiti mpya wa historia kandokando ya Ziwa Kivu, na kazi za wanafunzi zikapewa nafasi yake humo. Lilikuwa ni jambo la adabu na pia la akili. Kazi ya mwanafunzi hupigwa kwa mashine nakala chache tu: moja kwa profesa, moja maktaba, moja nyumbani kwa wazazi. Moto mmoja, paa moja linalovuja, au uporaji wa siku moja unatosha kuimaliza. Makala ile iliwaambia watafiti wa dunia kwamba kazi hizo zipo na mahali pa kuzitafuta.

Hapa inafaa kutoka Kivu kidogo na kwenda Japani, kwa sababu huko kuna kisa ambacho walimu wa masomo ya uongozi hukirudia mpaka kimechoka, na bado kina maana kwa mtu wa Masisi. Mwaka wa 1985 kampuni ya Matsushita ya Osaka ilitaka kutengeneza mashine ya kuoka mkate nyumbani. Mashine ilichoma mkate juu na kuuacha mbichi ndani. Wahandisi walipima kila kitu wakashindwa. Mmoja wao, Ikuko Tanaka, akaenda kujifunza chini ya mwokaji mkuu wa hoteli moja iliyosifiwa kwa mkate wake. Akakanda naye siku baada ya siku, hadi alipotambua kwamba yule fundi anapouvuta unga huupotosha kwa namna yake. Fundi mwenyewe hakuwa amelitaja jambo hilo, maana kwake halikuwa jambo. Wahandisi wakaongeza mbavu ndogo ndani ya mashine, na mkate ukaiva. Profesa Ikujiro Nonaka na mwenzake Hirotaka Takeuchi walikiweka kisa hicho katika kitabu chao cha 1995, na tangu hapo vyuo na makampuni mengi yameanza kusema kwamba elimu iliyo mkononi na machoni mwa mtu ni mali ya shirika, na kwamba mali hiyo haigawanywi kwa barua bali kwa kukaa pamoja.

Atakayecheka kwamba maprofesa wamehitaji karne nzima kugundua hilo, asilaumiwe. Mama anayetengeneza jibini la Masisi, ambalo wengi huliita fromaji, anajua maziwa yamefikia wapi kwa kuyagusa. Binti yake hujua kwa kusimama karibu naye. Rureke na vijana wake wa vijiti walikuwa hukohuko. Tofauti ni kwamba chuo kikuu kinajidhania kuwa ni nyumba ya vitabu, kwa hiyo hakioni kwamba nacho kinaishi kwa njia hiyo.

Tazama ngazi ya vyuo vyetu. Aliyehitimu vizuri huchukuliwa kuwa asistenti, kisha huwa mkuu wa kazi, ambaye kila mtu humwita CT kwa kifupi, na baada ya shahada ya udaktari ndipo huingia katika ngazi za uprofesa. Asistenti hubeba mkoba wa profesa, husimamia mazoezi, husahihisha karatasi, huketi nyuma siku wanafunzi wanapotetea kazi zao. Hapo hujifunza mambo ambayo hayako katika programu: swali gani linafungua kazi mbovu, namna ya kumwambia mwanafunzi maskini arudie sura nzima bila kumvunja moyo, ofisi gani ya kugonga ili maabara ipate umeme. Kwa nje ni utumwa mdogo, na mara nyingine ni utumwa kwelikweli. Kwa ndani ndiyo shule yenyewe.

Kitu kinachoandikwa ni silabusi. Mwanafunzi wa Kongo anaijua silabusi: lazima inunuliwe, hupigwa fotokopi, fotokopi hupigwa fotokopi, hadi herufi zinapotea pembeni. Profesa anapofariki au anapoondoka nchini, silabusi yake huendelea kufundishwa, wakati mwingine miaka mingi, na mtu ambaye hakuwahi kukaa naye. Maneno ni yaleyale. Lakini mifano aliyoitoa kwa mdomo, mahali aliposema "hapa kitabu kinakosea", yalikwenda naye. Ni kama kusoma Mwindo bila mapigo ya vijiti.

Na wapo wanaoficha kwa makusudi. Hilo nalo lisipitwe. Kati ya Warega, majirani wa Walikale upande wa kusini, chama cha bwami kilifundisha watu kwa ngazi, kwa methali na kwa sanamu ndogo ambazo maana yake haikufunguliwa kwa mtu asiyefika daraja lake. Wabelgiji walikipiga marufuku mwaka wa 1948 kwa kukiogopa. Ndani ya bwami siri ilikuwa na utaratibu: aliyepanda alipewa, na aliyepewa alikuwa na wajibu wa kumpandisha mwingine. Chuoni, profesa anayekalia takwimu zake, asiyemwonyesha asistenti namna ya kuandika makala kwa kuogopa atampita, anaficha bila utaratibu wowote. Mishahara ya miaka ya Zaire iliyokufa, pamoja na uporaji wa 1991 na 1993, iliongeza tabia hiyo. Mtu mwenye njaa hushikilia alicho nacho, hata kama ni maarifa.

Mwaka huo wa 1993 watu wa hapa wanaukumbuka kwa jambo jingine. Mwezi wa Machi, mauaji yalianza sokoni Ntoto, katika Walikale, yakaenea hadi Masisi, na watu wa jamii zote wakazika na kukimbia. Mwaka huohuo ulianza Goma mradi mdogo wa chuo kama tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani. Mwaka wa 2004 tawi hilo likawa chuo kamili, UNIGOM. Kwa hiyo chuo kikuu cha serikali cha Goma kilizaliwa katika mwaka wa kukimbia, na kimekua katikati ya kukimbia: wakimbizi wa 1994, vita vya 1996 na 1998, lava ya Nyiragongo iliyopita katikati ya mji Januari 2002, lava nyingine ya Mei 2021. Kila mara wapo waliorudi na wapo ambao hawakurudi. Chuo kilichojengwa hivyo kinajua vizuri kuanza upya. Kukumbuka ndiko kugumu.

Januari 2025 mji wa Goma ulibadilisha mikono. Mwezi uliofuata kambi za pembeni mwa mji, Bulengo, Lushagala na nyingine, zilivunjwa, na maelfu ya familia, nyingi za Masisi, zikaambiwa zirudi zilikotoka au zitafute pengine. Msikilizaji anayesikia habari hii akiwa katika nyumba ya wenyeji waliompokea hahitaji kuelezewa zaidi. Machi mwaka huohuo vita vilifika hadi Walikale-centre.

Hesabu za mashirika huhesabu watu, mahema na magunia ya unga. Haziwezi kuhesabu mzee aliyejua historia ya ukoo na mipaka, akafia mbali na jiwe lenyewe, au mwalimu wa chuo aliyeondoka usiku na kuacha asistenti wake bila namba ya simu. Wala haziwezi kuhesabu kitu kingine kinachotokea pole pole: mtoto aliyezaliwa kambini anajifunza Kiswahili cha Goma, na Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda cha babu yake kinabaki lugha ya kusikia tu. Mwindo wa Rureke amehifadhiwa California kwa Kinyanga safi. Suala ni nani atakuwepo Walikale miaka 30 ijayo wa kumsoma kwa sauti.

Kuna wanaosema simu zitaokoa kila kitu, kwa kuwa sasa kila kijana anaweza kumrekodi mzee wake. Ni kweli nusu. Sauti katika simu ina mapigo ambayo kalamu ya 1956 haikuwa nayo. Lakini simu haiulizi. Rekodi nyingi zinazopita WhatsApp hazina jina la msemaji, wala kijiji, wala mwaka. Baada ya simu tatu kubadilishwa hakuna anayejua ni nani aliyekuwa anaimba. Rureke anajulikana leo kwa jina kwa sababu waliomwandika walimwuliza yeye ni nani na alifunzwa na nani.

Vyuo vya Kongo viliingia katika mfumo mpya wa LMD tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022, na kazi za mwisho za wanafunzi zinapangwa upya. Ni nafasi ambayo idara za historia na lugha zinaweza kuitumia bila kungojea fedha za wafadhili. Mwanafunzi wa Masisi aliye Goma, Bukavu au Kisangani mara nyingi ana shangazi au mjomba mkimbizi umbali wa kutembea kwa miguu. Njia ya ISP Bukavu ya miaka ya 1970 ilihitaji lori na siku mbili za barabara. Sasa kijiji kizima kinaweza kuwa kimekaa katika mtaa mmoja. Ni jambo la huzuni, na pia ni mlango.

Atakayeingia mlango huo achukue daftari kwanza, simu baadaye. Aandike jina la mzee kama mwenyewe anavyopenda liandikwe, kijiji alichotoka na mwaka alioondoka. Aulize alisikia kwa nani, na huyo kwa nani, mpaka majina yaishe. Amwombe ruhusa, na amwulize ni sehemu gani asingependa isikike na watu wa nje. Nakala moja ibaki kwa familia, si kwa profesa peke yake. Na kama ni hadithi ya kuimbwa, aulize nani walikuwa wanagonga vijiti zamani, na kama kati yao kuna aliye hai, na amekimbilia wapi.